MPD kwenye laptopu iliyopasuka kioo

Mie ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, Ngamiani hapa Tanga. Watoto wakishaondoka asubuhi mikono yangu ni ya vitambaa mpaka jioni, ila masikio hayana kazi. Ninachotaka kwenye muziki wa nyumbani kinatokana na hilo: upige kwenye sabufa ya sebuleni, uanze na usimame bila mimi kuacha mshono, usile bando, na usinilazimishe kukodolea kioo. Nyimbo zenyewe ninazo. Kuna za kanda za marehemu baba nilizozihamishia kwenye kompyuta kwa programu ya kurekodi iitwayo Audacity, kuna zilizokuja na flashi za harusini, kuna kaswida zinazoongezeka kila Ramadhani, na kuna rundo la singeli la mwanangu ambalo nisingelichagua mwenyewe.

Nilishasimamia kafe ya intaneti, enzi za watu kulipia kwa dakika, kwa hiyo Linux hainitishi. Nimetafuta kwenye programu huria tu, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, kwa sababu ya kawaida kabisa: sitaki programu ya kunidai usajili wa mwezi ili nisikilize kanda za baba yangu, wala inayokataa kufunguka siku intaneti imelala.

Mashine ni laptopu ya zamani, memori GB 2, kioo kimepasuka kona hadi kona. Fundi mmoja alinishauri niiuze spea. Nikaichomeka kwenye TV kwa muda nikaisakinishia Debian 12, aina mojawapo ya Linux, bila madirisha wala mapambo, maandishi matupu. Baada ya hapo naingia humo kwa simu kupitia Termux, programu ya simu ya kuandikia amri. Ukifanya hivi usisahau faili la logind.conf, pale penye HandleLidSwitch uandike ignore, la sivyo ukifunika laptopu inalala na muziki wake.

Sasa, kabla sijaisifu MPD, programu ya muziki niliyoichagua, kuna kitu kinachowachanganya wengi wanapouliza "programu gani nzuri ya muziki nyumbani", nacho ndicho kimeamua kila kitu kwangu. Programu hizi ni za aina mbili. Moja inakaa kwenye mashine yenye nyimbo na kuzituma kwenye simu, TV au kompyuta ya anayetaka kusikiliza. Sauti inatokea huko kwa msikilizaji. Nyingine inapiga hapo hapo ilipo, kwenye spika zilizochomekwa kwenye mashine hiyo, na simu yako inakuwa rimoti tu. Ukichukua ya aina ya kwanza ukidhani ni ya pili, utakaa nusu siku ukibonyeza simu huku sabufa iko kimya na wimbo unalia kwenye kispika cha simu mkononi mwako.

Jellyfin ni ya aina ya kwanza. Ilizaliwa Desemba 2018, pale programu mwenzake iitwayo Emby ilipoacha kuuweka msimbo wake wazi na waliotaka kubaki huria wakachukua msimbo uliokuwepo wakaendelea nao. Kwa filamu na tamthilia ni kazi nzuri mno: inapanga misimu, inaleta picha za majalada, inakumbuka umeishia wapi. Lakini kwenye laptopu yangu, hata ikiwa imekaa tu bila mtu kuigusa, inashika memori megabaiti mia kadhaa. TV yako isipoelewa aina ya video uliyonayo, Jellyfin inabidi iigeuze hapo hapo kwa FFmpeg, programu ya kugeuza video, na prosesa ya zamani hapo inahema kwelikweli. Mwenye mashine ya kisasa na filamu nyingi achukue Jellyfin bila kusita. Mimi nashona.

Kodi inapiga hapo hapo ilipo, kwa hiyo hapo tunaelewana. Ilianza kwenye mashine ya michezo ya Xbox ikiitwa XBMC, ikabadili jina mwaka 2014, na mpaka leo moyo wake uko kwenye TV: maandishi makubwa, picha kubwa, ya kutazamwa kutoka kwenye kochi. Unaweza kuiongoza kwa simu kwa Kore, ambayo nayo ni huria. Ila kuiweka Kodi kwa ajili ya muziki peke yake ni kuwasha TV ili usikilize redio. LUKU nainunua mwenyewe, naijua inavyoyeyuka.

Ndipo nikaja kwenye MPD, yaani Music Player Daemon. Ni ya mwaka 2003, ilianzishwa na Warren Dukes, na kwa miaka mingi sasa anayeishikilia ni Max Kellermann. MPD haina sura. Ukishaisakinisha hakuna dirisha linalofunguka, hakuna ikoni, hakuna karibu mgeni. Iko kimya nyuma huko, inasubiri kuambiwa cha kufanya kupitia mlango namba 6600 wa mtandao wa nyumbani. Wa kuiambia ni programu yoyote inayojua lugha yake, na ziko nyingi: za simu, za kompyuta, za kivinjari, hata amri fupi ya maandishi iitwayo mpc. Ukizima simu muziki unaendelea. Simu ikiishiwa chaji muziki unaendelea. Mwanangu akitoka na simu yake, muziki unaendelea.

Nyimbo zangu ni maelfu kadhaa, na kwenye laptopu hii MPD haijawahi kushika megabaiti mia moja za memori. Prosesa hata haijui kama kuna kazi. Feni, ambayo chini ya Jellyfin ilikuwa inavuma, sasa siisikii.

Kuisakinisha ni mstari mmoja, apt install mpd mpc, na hapo ndipo urahisi unapoishia. Kila kitu kinawekwa kwenye faili moja, mpd.conf, kwa mkono. Nilikuta imeandikwa isikilize localhost pekee, yaani mashine yenyewe, maana yake simu haitaiona mpaka ubadilishe bind_to_address iwe any. Halafu MPD inaendeshwa na mtumiaji wake, anayeitwa mpd, na huyo hana ruhusa ya kuchungulia folda yako binafsi. Ukiziacha nyimbo huko utafungua rimoti ukute maktaba tupu, hakuna hata neno la lawama. Ziweke kwenye /srv/muziki, wape wote ruhusa ya kusoma, weka auto_update iwe yes ili nyimbo mpya ziingie zenyewe, na kwenye sehemu ya sauti andika mixer_type "software" ili sauti ipande na kushuka kwa simu. Maelezo yote yamo kwenye mwongozo wake, ambao umeandikwa vizuri, ila umeandikwa kwa mtu anayejua anachotafuta. Programu iliyoanza 2003 ingeshakuwa na namna ya kumshika mgeni mkono. Hapo naikata alama.

Kwa rimoti ya simu natumia M.A.L.P., ni huria, inapatikana F-Droid, duka la programu huria za Android, nyepesi, haina matangazo. Wageni siwapi kazi ya kusakinisha kitu. Nimeweka myMPD pia, ukurasa unaofunguka kwenye kivinjari cha simu yoyote iliyoingia kwenye waifai ya nyumba. Hii myMPD ina kitu kinachoitwa jukebox humo ndani: foleni ikikaribia kuisha inajichagulia nyimbo kutoka kwenye orodha uliyoipa, na unaweza kuizuia isirudie wimbo uliopigwa karibuni. Siku za oda nyingi, ile wiki kabla ya Idi, naiwasha asubuhi basi.

Lakini rimoti yangu halisi siyo simu. Mikono ikiwa na mafuta ya cherehani, au nimeshika pindo la dera lisiniponyoke, simu ya kupangusa ni adui. Nilinunua kibodi kidogo cha namba tupu, kile cha wahasibu, kwa elfu chache, nikakichomeka kwenye laptopu na kukibandika pembeni ya meza ya cherehani. Ndani ya Debian kuna programu ndogo iitwayo triggerhappy, inasikiliza vitufe na kutekeleza amri. Enter inasimamisha na kuendeleza. Ya kujumlisha inaruka wimbo, ya kutoa inarudi nyuma. Namba 1 mpaka 9 kila moja inaita orodha yake. Nimegandisha vipande vya vitambaa juu ya vitufe: 1 kipande cha kanga, taarabu, 2 satini ya kijani, kaswida, 3 kitenge, zilipendwa, 7 ni jinzi, ya mwanangu. Mama mkwe haoni vizuri maandishi ya simu na hajawahi kuniomba nimfundishe chochote. Anapapasa kanga, anabonyeza, anakaa. Hakuna programu nyingine kati ya hizi iliyonipa urahisi wa kuifanya hivi, kwa sababu mpc ni amri fupi inayoweza kuitwa na chochote.

Kuna suala la umeme. Laptopu ina betri inayoshika muda mfupi, sabufa haina. Umeme ukikatika jioni MPD inaendelea kuipigia sabufa iliyokufa, haina habari. Usiku umeme unarudi, na sabufa yangu ni ya swichi ya kubonyea ambayo ikiachwa imewashwa inaamka yenyewe: sebule nzima inalia rusha roho saa nane za usiku, na jirani ukutani anabisha hodi kwa ngumi. Dawa yake ni mstari mmoja wa udev, sehemu ya Linux inayofuatilia vifaa na umeme wake, unaoita mpc pause mara chaja inapokosa umeme. Bila mstari huo, betri ikiisha kabla umeme haujarudi, laptopu inazimika, na ukiiwasha MPD inasoma hali yake ya mwisho, maana inaiandika kila baada ya dakika 2, kisha inaendelea kupiga ilipoishia. Huo ni uungwana mchana. Ukitaka iwake ikiwa imesimama, andika restore_paused "yes".

Sauti zenyewe zilinisumbua zaidi ya nilivyotarajia. Kanda za baba zilirekodiwa chini chini, za sasa zinakuja zimejazwa mpaka zinapasuka. Unaongeza sauti ili usikie gitaa la zamani, wimbo unaofuata unakurusha kwenye kiti. MPD inajua ReplayGain, yaani inasoma kipimo kilichoandikwa ndani ya faili la wimbo na kusawazisha yenyewe, lakini hicho kipimo lazima kwanza kiandikwe. Nilitumia mp3gain kwa MP3 na metaflac kwa zile FLAC za kanda, nikaziacha zijipime usiku kucha, kisha replaygain "track" kwenye mpd.conf. Tofauti ni kubwa. Kama utafanya jambo moja tu la ziada baada ya kusakinisha, lifanye hili.

Kuna mlio wa mm-mm-mm kwenye sabufa laptopu ikiwa kwenye chaja, ukichomoa chaja unakoma. Hiyo siyo ya MPD, ni ya waya na umeme, na hakuna programu itakayoitibu.

Niseme pia kuhusu tegi, yale maandishi yaliyomo ndani ya faili: msanii, albamu, mwaka. Nyimbo zilizopitia kwenye vibanda vya kuingizia nyimbo au kupakuliwa mtandaoni zinakuja na jina la tovuti mahali pa msanii, nambari ya simu mahali pa albamu, na picha ya jalada ni tangazo. Kwa programu zinazopanga kila kitu kwa tegi, huo ni msiba. Picard, programu ya kurekebisha tegi inayotumia hazina ya taarifa za nyimbo ya MusicBrainz, inaweza kutambua wimbo kwa kuusikiliza, na kwa nyimbo za nje inafanya vizuri. Kwa taarabu iliyotoka kwenye kanda haina la kusema. Na hata tegi zikiwa sahihi, tatizo haliishi. NUTA Jazz ikaja kuwa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma, na kwa kompyuta hizo ni bendi nne zisizojuana. Kila mtu mzima wa hapa anajua ni moja.

MPD inaniokoa hapo kwa sababu inakubali kutembea kwenye folda kama zilivyo. Nimepanga folda zangu kwa akili yangu: Taarabu, Kaswida, Zilipendwa, Harusi, Za mtoto. Ndani ya Zilipendwa kuna folda moja ya Msondo yenye majina yote manne chini yake. Tegi nazisafisha kidogo kidogo kwa EasyTAG usiku nikikosa usingizi, na nisipozisafisha, nyimbo bado zinapatikana.

Ugomvi wa nani anapiga nini ulikuwa mkubwa nyumbani kwangu kuliko wa rimoti ya TV. Kwenye foleni moja kila mwenye simu ni DJ, na kila DJ ana kidole cha kuruka wimbo wa mwenzake. MPD ina ngazi za ruhusa, zikiwemo kusoma, kuongeza, kuongoza, na usimamizi. Nimeweka default_permissions iwe "read,add". Asiye na nywila anaona kinachopigwa, anaongeza wimbo wake mwishoni mwa foleni, anasubiri zamu. Kuruka na kufuta ni kwa mwenye nywila, na kibodi cha namba nimekipa nywila ndani ya amri zake. Nikawasha na ile hali iitwayo consume, wimbo ukishapigwa unaondoka kwenye foleni. Jumapili wageni wakija, foleni inajaa kwa heshima. Nywila yenyewe inasafiri kwenye waifai bila kufichwa, mjuzi anaweza kuinasa, lakini hapa tunazungumzia singeli, siyo benki.

Niliyoyapitia kwa haraka: Lyrion, ambayo ndiyo ile iliyokuwa Logitech Media Server kabla ya kubadili jina mwaka 2024. Ilitengenezwa kwa ajili ya vifaa vya kupigia muziki vya Squeezebox, Logitech wakaviacha mwaka 2012, watumiaji hawakuiacha. Ina kurasa nzuri za kuongozea, na kama unataka muziki vyumba vitatu vyote vikienda sambamba, anzia hapo. Kwa sabufa moja ni nyingi mno. Volumio na moOde ni kwa mwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya kikadi, asiyetaka kuandika faili lolote: unaandika picha ya mfumo kwenye memori kadi, unawasha, unafungua kivinjari. Chini ya boneti zote mbili kuna MPD hiyo hiyo. Volumio ina baadhi ya huduma za kulipia. Na ukitumia Pi zile zenye tundu la hedifoni, nunua kikadi cha sauti cha USB, tundu lile ni la dharura tu.

Kasoro za MPD ambazo sijaweza kuzizoea: haina habari na filamu kabisa, ni muziki tu. Filamu zangu ziko kwenye flashi nyuma ya TV na zitabaki huko. Majalada ya albamu yanaonekana ikiwa umeweka picha kwenye folda au ndani ya faili, haitakutafutia. Redio za mtandaoni inapiga vizuri ukiipa anwani, ila anwani unaitafuta mwenyewe na bando ni lako. Na ukikosea alama moja kwenye mpd.conf haiwaki, inakuachia ujumbe kwenye logi, daftari lake la matukio, na wewe ukautafute.

Kijana wangu alitaka nyimbo hizo hizo zitoke kwenye hedifoni zake akiwa chumbani, na hilo, kama nilivyosema, ni kazi ya aina ile nyingine ya programu. Nilimwekea Navidrome. Imeandikwa kwa lugha ya programu iitwayo Go, ni faili moja la kuendesha, inatumia mlango 4533, na simu inaifikia kwa programu yoyote inayoelewa lugha ya Subsonic. Ultrasonic ndiyo aliyoipenda. Inasoma folda ile ile ya /srv/muziki bila kugombana na MPD, na memori ya GB 2 inawatosha wote wawili. Kwa kuwa iko ndani ya waifai ya nyumba, bando haliguswi. Inapanga kwa tegi tu, kwa hiyo sasa kijana naye anazisafisha, kwa shida yake mwenyewe, na maktaba imeanza kupendeza. Amejenga hoja kwamba kwa kazi hiyo anastahili kupewa nywila ya kuongozea foleni ya sebuleni. Hapati.